Visima vya Las Higueras

Watu wa Las Higueras waliondoka kwao saa kumi alfajiri kwa basi la kanisa, wakafika Sacramento, kwenye bunge la jimbo, saa tatu na nusu, na kile walichokifuata kilichukua dakika tatu kwa wote thelathini na mmoja. Ndivyo bunge lile linavyosikiliza watu. Mashahidi wawili wa kila upande hupewa dakika mbili mbili, kisha waliobaki hupanga mstari mbele ya kipaza sauti, na kila mmoja hutaja jina lake, anakotoka, na kama anaunga mkono au anapinga. Ukiongeza sentensi, mwenyekiti anakohoa. Ukiongeza ya pili, anakizima. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba aliyekuwepo naye lake huwa la sekunde sita.

Filomena Toste aliketi safu ya pili, viatu kavivua chini ya kiti, akawasikiliza. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na thelathini na minne kati ya hiyo alikuwa wakili wa maji. Katika jengo lile maseneta ndio hubeba miswada, wakapigwa nayo picha. Wanaoiandika ni watu kama yeye. Mteja wake alikuwa Bodi ya Umwagiliaji ya Lone Willow, yaani wakulima wa lozi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule kusini mwa bonde, na mswada huu alikuwa ameuandika mara kumi na tisa kwa miaka mitatu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba akiulizwa habari za asubuhi alitaka kuuliza zinamhusu nani.

Makubaliano yenyewe yalikuwa rahisi kuyasema, ingawa kuyapata kulikuwa kama kumvua paka kutoka kisimani. Mto ubakiziwe maji ya samaki kila masika. Wakulima wapimiwe kiasi cha kuvuta chini ya ardhi, na wakishapimiwa wasiguswe miaka ishirini. Na visima vya nyumbani vilindwe: pampu ya shamba ikimkaushia jirani aliye ndani ya nusu maili, mwenye pampu amletee maji kwa lori na amchimbie kisima kingine. Hicho kilikuwa kifungu cha tisa, na ndicho kilichowapandisha watu wa Las Higueras kwenye basi.

Wakati wa mapumziko, bibi mmoja alimfuata koridoni. Alikuwa mfupi, mgongo umenyooka, amevaa gauni la kanisani na raba nyeupe.

"Wewe ndiye uliyeandika kile kifungu chetu?" akauliza kwa Kihispania, lugha ambayo Filomena aliijua tangu zizini kwa baba yake.

"Tuliandika wengi, mama."

"Usijifiche nyuma ya wengi, Licenciada." Ndivyo watu wake wanavyomwita mtu aliyesomea sheria. "Aliyepika vizuri aseme kapika. Mimi ni Eufemia Zaragoza. Hao wote nyuma yangu nimewatoa kitandani mimi mwenyewe, kwa hiyo wakikuangalia vibaya, ni mimi wanayemwangalia."

Watu wa nyuma wakacheka. Filomena naye akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Nina swali la kijinga," Eufemia akaendelea. "Hao wapimaji watakuja lini kukiona kisima changu? Maana nataka nifyeke nyasi kwanza. Kile alikichimba marehemu mume wangu na shemeji yake mwaka wa yale mafuriko makubwa, kwa sururu na matusi."

"Hawana haja ya kuja. Wataangalia tu karatasi yako ya kaunti."

"Karatasi gani?"

"Ya kisima. Ya kukisajili."

"Kumbe kuna karatasi!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Heriberto wangu hata cheti cha ndoa alikiwashia jiko, ije iwe karatasi ya shimo."

Wakacheka tena. Filomena hakucheka. "Na nyinyi wengine?" akawauliza.

"Wote hivyo hivyo," akajibu Eufemia. "Nyumba arobaini na moja. Labda kwa Chavira, yeye alichimba kipya juzijuzi. Na wawili wengine. Kwani vipi, Licenciada? Umebadilika rangi."

"Sijala," Filomena akasema. Eufemia akatoa ndizi mkobani, akamwekea mkononi kama mtu anayelipa nauli, akaondoka na watu wake kutafuta choo kabla ya safari ya kurudi.

Filomena alibaki amesimama na ndizi. Hakuhitaji kuufungua mswada; alikuwa akiujua kwa moyo. Kifungu cha tisa kilisema kinalinda "kila kisima cha nyumbani kilichoandikwa katika daftari la kaunti." Maneno yale hakuyatunga. Aliyanyofoa kwenye sheria ya zamani, na hiyo ndiyo desturi ya kazi yao wote: wakili wa miswada mwenye akili haanzishi maneno mapya kama yapo ya zamani ambayo mahakama zimeshayatafuna, kwa sababu yaliyokwisha tafunwa hayana mifupa. Sheria ile ya zamani ilihusu visima vikubwa vya mashamba, na hivyo vyote viko daftarini. Visima vya nyumbani vya bonde, vile vya sururu na matusi, vilichimbwa kabla kaunti haijawa na daftari. Na sasa daftari halivipokei, maana viko karibu mno na mashimo ya vyoo, na afisa akiviona atavifunga kabla hajatoa kalamu.

Mara kumi na tisa ulisomwa mswada ule. Mawakili saba, wasaidizi wa maseneta, wataalamu wa maji wenye shahada za kujaza ukuta. Hakuna aliyeona, kwa sababu mle chumbani hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye asubuhi ile alikuwa amepiga mswaki kwa maji ya kisima kisicho na karatasi. Kati ya nyumba arobaini na moja za Las Higueras, sheria waliyoifuata kwa basi ilikuwa inalinda tatu.

Ilikuwa Jumatatu. Bunge lilikuwa linafunga Jumamosi, na mswada hauwezi kupigiwa kura mpaka maneno yake ya mwisho yawe yamekaa wazi mbele ya watu kwa siku tatu kamili. Kwa hiyo, aliyetaka kubadilisha chochote alikuwa na muda mpaka Jumatano jioni. Muda ulikuwepo. Kwa hilo Filomena hakuwahi kujidanganya baadaye, muda ulikuwepo.

Lakini wakili ana mteja, na mteja wake hakuwa Eufemia Zaragoza.

Jumanne asubuhi aliendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu kwenda kwa Duarte Simas, mwenyekiti wa bodi. Alimkuta nje ya banda la kukamulia, anaosha mabuti kwa mpira. Duarte alikuwa baba wa ubatizo wa binti wa Filomena, na tangu siku ile, kama ilivyo kwa Wareno wa visiwani kama wao, waliitana compadre na comadre, majina kwa nadra.

"Comadre! Umekuja na sura ya matanga. Nani kafa?"

"Bado."

"Basi kahawa kwanza. Habari mbaya haziliwi na tumbo tupu."

Wakakaa kwenye meza ya jikoni iliyojaa risiti za chakula cha ng'ombe. Duarte alikata mkate mtamu aliouoka mkewe, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mzuri, na ndiyo maana kumsimulia kulikuwa kugumu. Mtu mbaya ungejua pa kumshikia.

"Vingapi?" akauliza.

"Las Higueras, thelathini na nane. Bonde zima sijui. Elfu mbili. Pengine tatu."

Duarte akaweka kisu chini. "Mena, niliwaambia wenzangu kwenye bodi mia nne. Nilisimama mbele ya wanaume walionizidi umri, nikawaambia visima mia nne tutavibeba, tusiwe washenzi, ni jirani zetu. Walinitukana wiki nzima, kisha wakakubali. Elfu tatu si kubeba tena. Elfu tatu ni kung'oa miti."

"Najua."

"Na yule Okamura wako, wakili wa samaki. Ukimfungulia cha tisa, atakaa kimya kuhusu cha nne, kile cha maji ya mto?"

"Hatakaa. Ningekuwa yeye nami nisingekaa."

"Basi mswada wote umelala. Mto umekosa, sisi tumekosa, na hao watu wa kisima bado hawana kitu. Sasa faida ya nani?" Akasukuma sahani ya mkate kwake. "Funika kombe mwanaharamu apite. Januari tutaleta mswada mdogo wa kurekebisha. Nitasimama nao mwenyewe."

Januari. Filomena alishaona Januari nyingi za Sacramento, na zote zilikuwa kama kesho ya fundi cherehani. Alijua pia kwamba Duarte alimaanisha anachosema, na kwamba kumaanisha kwake hakutasaidia kitu mwenzake mmoja wa bodi atakapouliza kwa nini wafungue mlango ambao sheria imewafungia.

Akatazama dirishani. Nje ng'ombe walikuwa wakilia kwa utaratibu, kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe.

"Comadre," Duarte akasema polepole, "unaniomba ruhusa, au unaniomba nikukataze?"

Lilikuwa swali la mtu aliyemjua tangu wakiwa na miaka sita. Akipewa ruhusa, itabidi arudi leo hii, awapigie simu watu saba, avunje kilichojengwa kwa miaka mitatu, agombane siku mbili bila kulala, na pengine ashindwe. Akikatazwa, kiapo chake cha uwakili kitamfunga mdomo: siri ya mteja ni ya mteja. Angeweza kusema, nakuomba ruhusa, na usiponipa najiuzulu hapa hapa mezani. Maneno yale yalikuwepo, aliyaona kabisa yalipo. Ila yalikuwa mbali, na yeye alikuwa ameketi, na kahawa ilikuwa ya moto.

Hakujibu.

"Haya, nakukataza," akasema Duarte kwa upole, kama mtu anayemvua mwenzake mzigo begani. "Mimi ndiye mteja na nimekukataza. Kula mkate."

Akala mkate. Kitu kilichompata pale kilikuwa nafuu, nafuu tupu, mwili mzima, kama anayeambiwa leo hakuna kazi. Aibu ilimfika baadaye, barabarani, karibu na Fresno, na ilipomfika ilibidi asimamishe gari pembeni. Alilia kidogo, akapangusa uso, akaendelea na safari. Alikuwa na mkutano saa kumi.

Jumatano mchana Wendell Okamura alimkuta kwenye benchi la bustani ya bunge. Joto lilikuwa la kuchemsha yai. Okamura alikuwa wakili wa mto. Kwa miaka ishirini alikuwa amemshtaki Filomena, naye Filomena akamshtaki, na katikati ya kesi walihudhuriana misiba.

"Nimeusoma wote tena," akasema akikaa. "Macho yangu yamekuwa kama ya samaki wangu. Unajua nastaafu Desemba?"

"Umestaafu mara tatu wewe."

"Safari hii kweli. Samaki nimewatetea miaka ishirini, hawajanishukuru hata mmoja. Nakwenda kuwala."

"Wewe huna subira ya kuvua. Utawashtaki mpaka wajilete wenyewe."

Okamura akacheka, kisha akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti. "Saa kumi na moja wanachapa. Mimi sina kitu cha kubadilisha. Wewe?"

"Hapana."

"Kifungu cha tisa kiko sawa? Wale watu wa basi walinikaa moyoni. Yule bibi wa raba nyeupe. Sitaki tuwe tumewaletea mchezo."

Alimwuliza waziwazi, uso kwa uso, mtu ambaye angeamini jibu lolote atakalopewa. Filomena alitazama viatu vyake.

"Kimekaa kama tulivyokubaliana," akasema.

Ilikuwa kweli kila silabi. Wakili mzuri hasemi uongo. Anachagua ukweli upi autoe, na mwingine anaukalia. Okamura akampigapiga bega, akamwambia wamezeeka vizuri, akaenda zake kusaini.

Jumamosi mswada ulipita. Watu walikumbatiana barazani, hata wale waliokuwa hawasalimiani. Mwishoni mwa Septemba gavana alitia saini kwenye ukingo wa mfereji, upepo ukimpeperusha tai, na gazeti la Fresno likaandika kwamba hatimaye bonde limejua kukaa meza moja. Filomena alikatiwa kipande cha keki chenye nusu ya neno "maji." Alikula, maana kukataa kungeleta maswali.

Alimpigia Duarte simu mara mbili kuhusu Januari. Mara ya kwanza akasema analifanyia kazi. Mara ya pili akasema, "Januari ni mbali, comadre. Tuvune kwanza," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuulizwa lile swali kwenye bodi.

Katikati ya Oktoba, siku ya Alhamisi, Eufemia Zaragoza alifika ofisini kwa Filomena mjini Fresno bila miadi. Alikuwa amebeba sufuria iliyofungwa kwa taulo, na chupa ya jamu iliyojaa maji.

"Hizi za kwako," akasema, akiweka sufuria juu ya mafaili. "Tamale za nyama ya nguruwe. Na chache za pilipili, kwa sababu umekonda kama ufagio. Nimezipika na binti zangu. Las Higueras nzima inakusalimu."

"Doña Eufemia, hukupaswa..."

"Kimya. Mtu akishukuriwa anyamaze." Akakaa, akaiweka chupa katikati ya meza. Chini ya maji kulikuwa na tabaka la mchanga unene wa kidole. "Sasa na hili. Shamba la lozi ng'ambo ya barabara wamechimba kirefu. Tangu wiki iliyopita bomba langu linakohoa. Upepo, kisha mchanga, kisha haya. Nikasema vizuri, sheria tunayo. Niandikie barua, Licenciada, kama kile kifungu kinavyosema, niwapelekee."

Filomena aliitazama chupa. Sheria sasa ilikuwa ya watu wote, imechapwa, mtu yeyote angeweza kuisoma kwa sauti sokoni. Hakuna siri iliyobaki ya kumficha. Akavuta rafuni kijitabu, akafungua kifungu cha tisa, akakisoma chote kwa Kihispania, polepole, mpaka neno daftari.

"Rudia hapo," akasema Eufemia.

Akarudia.

"Daftari. Ni ile karatasi uliyoniuliza."

"Ndiyo."

"Ambayo sina."

"Ndiyo. Kisima chako hakimo. Vya Las Higueras vimo vitatu tu."

Eufemia hakupandisha sauti. Aliondoa mikono mezani, akaikunja mapajani. "Na daftarini sasa nikaandikishwe?"

"Hawatakubali. Kiko karibu na choo. Wakikiona watakifunga."

"Nani aliliweka neno hilo?"

"Mimi."

"Ukitujua?"

"Nikiwa siwajui. Lilikuwa neno la zamani, nilidhani ni salama. Ni kosa langu, Doña Eufemia, si la mtu mwingine."

"Kosa nalielewa. Mimi nimepika miaka hamsini, nimetia chumvi mara mbili." Akainamisha kichwa kidogo, anafikiri. "Ulijua lini kwamba umekosea?"

Filomena angeweza kusema Septemba. Hakuna ambaye angemsuta, hata Duarte angemsaidia. "Pale koridoni," akasema. "Ulipouliza karatasi gani."

"Siku ile tuliyokuja."

"Siku ile."

"Na kura ilikuwa Jumamosi." Eufemia akahesabu kwa vidole, bila haraka, Jumatatu mpaka Jumamosi, na alipofika mwisho akabaki amekiangalia kidole cha mwisho. "Kulikuwa na nafasi ya kubadilisha?"

"Mpaka Jumatano."

"Ulikatazwa?"

"Nilikatazwa." Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka hata na ukweli wa kuchagua, akaongeza: "Nilitaka kukatazwa."

Mashine ya kupoza hewa ilikuwa ikinguruma. Eufemia alitoa leso, akafuta ukingo wa meza palipomwagika tone la maji kutoka kwenye chupa, akairudisha leso mkobani.

"Unajua tulifanya sherehe?" akasema. "Padri alitupa ukumbi. Chavira alichinja mbuzi. Mimi ndiye niliyewaambia wachinje. Kuna watu walikuwa wanataka kuuza nyumba waende kwa watoto wao, nikawaambia kaeni, sasa tunalindwa." Alisimama. "Jumapili utakuja uwaambie. Wewe mwenyewe. Mimi mdomo huo sina."

"Nitakuja."

"Baada ya misa. Na usituletee maneno ya bunge."

Aliondoka bila sufuria. Filomena angependa aichukue. Alikaa nayo mbele yake mpaka ikapoa, kisha akampigia simu Duarte akamwambia kwamba kuanzia leo bodi itafute wakili mwingine. Duarte hakubisha. Aliuliza tu kama amekula.

Jumapili Filomena alifika Las Higueras saa tano. Ukumbi wa kanisa ulikuwa wa mabati na feni mbili, na viti vyote vilikuwa vimejaa. Wengine walisimama ukutani na watoto mabegani. Alikuwa amejiandaa kwa macho makali. Alikuwa amefanya mazoezi ya kutazamwa vibaya, garini, maili zote zile. Eufemia aliketi mbele kabisa, amevaa gauni lile lile la kanisani, mkoba mapajani.

Filomena alipotokea mlangoni mtu mmoja akasema, "Ndiye huyo," na ukumbi mzima ukasimama. Wakaanza kupiga makofi. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja alimshika mkono akaubusu kabla Filomena hajawahi kuuvuta. Chavira alikuwa akipiga mluzi kwa vidole, na watoto wakaiga.

Eufemia hakuwa amewaambia kitu. Yeye peke yake alikuwa ameketi, mikono imetulia juu ya mkoba, akimtazama.

Filomena alipita katikati yao mpaka mbele, akageuka. Akafungua mdomo, lakini hawakumsikia. Basi akasimama akasubiri makofi yaishe, na walikuwa na furaha, kwa hiyo yalichukua muda.